Ghafi Maana Yake Mbichi

Shikamoo zenu nimezipokea, wanangu, marahaba, lakini leo msitegemee maneno matamu. Mimi ndiye yule mama aliyekuwa na kliniki ya meno hapa Kyela mjini, mlango wa bluu, ukitoka stendi mkono wa kushoto. Watu walinibatiza Mama Ganzi kwa sababu nilikuwa sigusi jino la mtu mpaka nihakikishe mdomo umekufa kabisa. Sasa nimestaafu. Mikono inatetemeka, koleo nimeliweka chini, nafuga kuku watano na nagombana nao kila asubuhi. Haya nawaandikia nyinyi mnaofungua kliniki zenu wenyewe, mnaojua kila mzizi wa kila jino lakini hamjui pesa yenu inaingilia mlango gani na inatokea dirisha gani. Nina hasira. Wiki mbili zilizopita binti mmoja alikuja nyumbani kwangu na mkataba, akataka niutie saini kama shahidi, tena anacheka.

Binti huyo anaitwa Atupele. Ni daktari wa meno, kasoma kweli kweli, na ana mkono mwepesi kuliko wangu hata enzi zangu. Baba yake ni Mzee Anyosisye wa Ngana, mkulima wa kakao na ndizi. Atupele amepanga vyumba viwili karibu na soko, amepaka rangi, ametundika bango, vibali vyote anavyo. Kitu kimoja tu hana, nacho ni kiti. Na kiti cha meno siyo kiti cha kinyozi, jamani. Kina taa yake, maji yake, mota yake, na bei yake inaweza kukulaza na homa. Basi akatokea bwana mmoja kutoka mbali, anajiita mwekezaji, viatu vinang'aa, akamwambia: kiti kipya nakupa, mashine ya eksirei nakupa, wewe uniandikie tu fungu langu la mapato kwa miaka kumi.

"Shikamoo mama," Atupele akasema, na kalamu akaninyooshea kabla hajakaa. "Naomba unitilie saini hapa chini, kwa shahidi. Kesho kutwa anakuja kuuchukua."

"Marahaba. Kaa kwanza. Umeusoma?"

"Mama, ni kurasa tatu tu."

"Sijauliza zipo kurasa ngapi. Nimeuliza umeusoma?"

Akacheka tena, akakaa. Nikavaa miwani. Kwenye ukurasa wa pili nikakutana na neno moja, neno dogo tu la ofisini, na damu ikanipanda kichwani. Neno hilo nitawaambia. Lakini kwanza niwaeleze nimelijuaje, msije mkasema bibi ana wivu na maendeleo ya vijana.

Nilifungua kliniki yangu mwezi wa saba. Ninyi mliosoma mjini hamjui, kwa hiyo shikeni hili: meno ya Kyela yanang'olewa baada ya mavuno. Mtu anaanza kuumwa jino mwezi wa pili, mvua inanyesha, barabara tope, mpunga uko shambani na mfukoni hakuna kitu. Anasukumia karafuu kwenye tundu la jino, anafunga kitambaa shavuni, anasema, "Nitakwenda kwa daktari tukishavuna." Kisha mpunga unavunwa, na wote wanakuja wiki moja, wamevimba, wamejipanga mpaka barabarani. Mimi nikauona mwezi ule wa saba, na wa nane, nikadhani mwaka mzima utakuwa hivyo hivyo. Nikajiona nimetoboa!

Mnajua nilifanya nini na pesa ile? Nilikwenda Ngonga, kwenye kiwanja cha marehemu baba, nikaanza kujenga nyumba ya vyumba sita. Vyumba sita! Mimi ninayelala chumba kimoja, tena mjini! Nani angepanga nyumba katikati ya mashamba ya mpunga, popo? Lakini huku kwetu daktari asiyejenga nyumbani anasemwa, na mimi sikutaka kusemwa. Nikaiita uwekezaji. Wanangu, nyumba isiyokuletea kodi na ambayo hulali ndani yake ni pambo. Ukitaka pambo, nunua, una haki yako, lakini liite pambo.

Mvua zikaja. Wagonjwa wakapotea, nikawa nakaa kliniki na msaidizi wangu tunahesabu bajaji zinazopita. Wiki hiyo hiyo kompresa ikafa. Kwa msiojua, ile ndiyo mashine inayosukuma upepo wa kuzungusha kekee ya meno. Bila hiyo unaweza kung'oa tu, kuziba huwezi. Nikatafuta pesa ya kompresa nikaikuta Ngonga, imeshakuwa matofali.

Ndipo nikaenda kwa Mzee Salum. Huyu alikuwa na duka la vitambaa na vyombo mjini, ukoo wao ulitoka pwani miaka mingi iliyopita, naye alikuwa mteja wangu, nilimtengenezea meno ya bandia ya juu. Nilikwenda kumkopa. Akanipa kahawa, akaniuliza, "Daktari, mshahara wako shilingi ngapi?"

"Mshahara gani, mzee? Kliniki si yangu?"

"Sikuuliza ya nani. Nauliza unalipwa ngapi."

"Nachukua ninachohitaji."

Mzee Salum akaweka kikombe chini, akayavua yale meno niliyomtengenezea, akayafuta kwa leso taratibu, akayarudisha. Alikuwa akifanya hivyo anapotaka kukwambia kitu kizito. "Basi wewe ni mwizi kwenye kliniki yako," akasema. "Mimi hapa ni kibarua wa duka hili. Mwisho wa mwezi duka linanilipa. Mke wangu akitaka sahani, ananunua kama watu wengine. Mwaka jana niliomba niongezewe mshahara, nikakaa na duka, tukapiga hesabu, duka likakataa. Nikanyamaza. Ningefanya nini? Kazi naipenda."

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Lakini nilirudi kliniki nikafanya kama alivyosema, na nawaambia ukweli, sijawahi kupewa shauri la maana kuliko lile, si chuoni, si kwenye semina yenye juisi na bahasha. Nilijipangia mshahara mdogo, ule ambao kliniki ingeweza kuulipa hata mwezi wa tatu kwenye tope. Mwezi wa saba pesa ikimiminika, mshahara ukabaki ule ule. Kilichozidi nilikigawa. Fungu moja lilikuwa la kutuvusha kwenye mvua. La pili nililiita kifo cha kiti. Kiti kitakufa, wanangu, kama kompresa ilivyokufa, na siku kinakufa hakitumi barua. Kwa hiyo kila mwezi unakitengea sanda yake kingali hai, tena kwenye akaunti ambayo kadi yake huna.

Hata hivyo nilikosea tena, maana kichwa changu kigumu. Mnajua misiba yetu. Mtu akifa huku tunakwenda wote, tunalala huko, na daktari anatazamwa. Msiba wa mjomba wa shemeji yangu, nisiyemjua hata sura, watu wakanitazama, nami nikasema, "Ng'ombe nitaleta mimi." Lo, vigelegele! Ng'ombe yule nilimnunua kwa pesa ya kuagizia ganzi Mbeya. Wiki iliyofuata Mama Ganzi hakuwa na ganzi! Nilimrudisha mama mzima mwenye jipu kwenye fizi, aliyetembea kwa miguu kutoka mashambani, kwa sababu ganzi yake ililiwa kwa ugali msibani. Aliniambia "ndaga," asante, na kuondoka ameshika shavu. Nililia siku ile. Sisemi msizike watu wenu. Zikeni, changeni, lakini kwa mshahara wenu, na kiasi kijulikane kabla hamjafika mbele ya watu wenye macho.

Na nyie wa leo ndio mnaonipandisha presha zaidi. Mmoja wenu, jina nalihifadhi, amenunua gari la kifahari la kumpeleka kliniki kutoka nyumbani kwake, safari ambayo kuku wangu wanaimaliza bila kuhema. Mashine yake ya kuchemshia vifaa inavuja mvuke, ameifunga kwa mpira wa baiskeli! Mwingine kauza mashine ya eksirei akanunua sarafu za mtandaoni, kwa sababu kwenye kundi la simu kuna mtu kamwonyesha picha. Picha! Nikamuuliza, sarafu hiyo inazalishwa na nini? Akasema, "Mama, wewe huwezi kuelewa." Sawa, mimi sielewi. Na wewe unaelewa? Akafungua simu anionyeshe picha ile ile. Kabla ya hapo lilikuwa wimbi la kware, mayai ya kware yataponya kila kitu, daktari mzima anaacha mgonjwa mdomo wazi anapokea simu ya kware. Watu wanawajia nyinyi kwa sababu wanajua madaktari wana pesa na hawana muda wa kusoma. Mmeandikwa usoni.

Mnaniuliza, sasa tuwekeze wapi, mama? Kwanza kliniki yenyewe. Hakuna kitu utakachokijua kuliko mdomo wa mtu. Kiwanja cha kliniki chenye hati ya jina lako, siyo neno la mdomo la mjomba. Michango ya pensheni kwa hiari, maana ukijiajiri hakuna mtu anayekukatia, uzee utakukuta umesimama kwenye foleni na mimi. Ikibaki, hati fungani za serikali, au ile mifuko ambayo watu wengi wanaweka pamoja na wataalamu wanaisimamia. Bima ya vifaa, maana maji ya huku yanaingia ndani bila hodi. Najua, hayana sherehe. Hakuna atakayekupigia vigelegele kwa ajili ya hati fungani.

Sasa turudi kwa Atupele, alivyokaa sebuleni kwangu na kalamu yake.

Mkataba ulisema hivi: mwekezaji atapata asilimia arobaini ya mapato ghafi ya kliniki, kwa miaka kumi. Matengenezo ya kiti juu ya daktari. Baada ya miaka kumi kiti kinabaki cha mwekezaji.

"Atupele," nikasema, "ghafi ni nini?"

"Si mapato tu, mama? Ni lugha ya mikataba."

"Gwe!" nikapiga meza, kuku wakakimbia nje huko. "Wewe umezaliwa Ngana kwenye kakao, na hujui ghafi? Ghafi maana yake mbichi! Mbichi na ute wake! Huyu bwana anakununua njemke!"

Kwa asiye wa huku, njemke ni kakao mbichi inayouzwa ikitoka tu kwenye ganda, inateleza, haijavundikwa wala kuanikwa. Mkulima ana shida, ada au ugonjwa, mnunuzi anakuja na pesa taslimu na ndoo, anachukua kwa bei ya kutupa. Wengine wananunua hata ikiwa bado mtini. Mnunuzi ndiye anayevundika siku sita, ndiye anayeanika, ndiye anayeuza kavu. Inakatazwa kwenye mikutano yote, na inaendelea, kwa sababu shida haisubiri mkutano.

Nikamchukulia karatasi nikampigia hesabu mbele ya macho yake. Mgonjwa kazibwa jino, kalipa elfu kumi. Bwana viatu anachukua elfu nne pale pale, kabla hujanunua hata pamba. Zimebaki elfu sita. Ganzi, sindano, glovu, dawa ya kuzibia, elfu mbili na mia tano. Pango, umeme, mshahara wa msaidizi, elfu mbili na mia tano nyingine. Kodi na ada za leseni, tuseme mia tano. "Imebaki ngapi?"

"Mia tano," akasema kwa sauti ndogo.

"Mia tano! Hata soda haitoshi! Na hapo hujalipwa mshahara, hujakitengea kiti sanda yake, na kiti chenyewe siyo chako! Yeye anakula mbichi, wewe unabaki kulamba ganda. Angekuwa mwekezaji wa kweli angekula faida, ile inayobaki baada ya kila kitu. Pesa iliyokauka! Mkipata mnapata wote, mkikosa mnakosa wote. Lakini huyu kwa miaka kumi hatakosa hata siku moja. Na mwezi wa tatu, mvua, mgonjwa mmoja kwa siku, arobaini yake anaitaka vile vile!"

Nilisema mengi, mengine siyaandiki. Atupele alikuwa ameinamia karatasi. Nikafurahi, nikaona somo limeingia. Kisha akainua uso.

"Mama, ya kliniki ulifundishwa na Mzee Salum. Ya njemke ulifundishwa na nani? Wewe siyo mkulima."

Ningeweza kudanganya. Nimedanganya watoto wengi kwamba sindano haiumi, ulimi umezoea. Lakini macho yale yalikuwa ya baba yake.

Sikilizeni basi na nyinyi, maana hili sijawahi kulisema kanisani wala nyumbani. Miaka ile mafungu yangu ya pesa yalipokwisha kukaa sawa, nilikuwa na akiba, nikaanza kutafuta pa kuiweka. Siku moja akaja Mzee Anyosisye, taya limevimba, jino la nyuma chini kulia limeoza mpaka mzizi. Nikampiga ganzi. Tukisubiri ikolee, akanieleza kwa shida kwamba binti yake, Atupele huyu huyu, kachaguliwa kidato cha tano na ada hana, wala pesa ya sare na safari. Nami nikasema, "Mzee, kakao yako ya msimu huu nakupa pesa sasa hivi. Yote, ikiwa mtini. Utaniletea mbichi." Nikataja bei. Nilikuwa naijua bei ya kavu, nilikuwa nimeuliza. Nikaandika karatasi kwenye kijitabu cha dawa, nikampa kalamu, akasaini akiwa kalala kwenye kiti, taa inamwakia usoni. Akatoa sauti, "Nnn... nnda," mdomo mzito, mate yanamtoka. Nikaelewa anasema ndaga. Nikamjibu, "Usijali mzee, tunasaidiana." Kisha nikang'oa jino.

Kakao ile niliivundika na kuianika kwenye nyumba yangu ya Ngonga, mara moja tu ile nyumba ilipopata kazi. Niliuza karibu mara tatu ya nilichompa. Mashine ya kuchemshia vifaa, ile mliyokuwa mkiisifia kwamba Mama Ganzi ana mashine mpya kuliko hospitali, ilitoka hapo. Na miaka yote nilijiona nimemsomesha binti wa watu.

Nilimweleza Atupele. Siyo kwa ufasaha huu, nilimweleza kwa vipande. Akaniuliza kama daktari anayechukua historia ya mgonjwa.

"Baba alisaini?"

"Alisaini."

"Wapi?"

"Kwenye kiti."

"Kabla ya ganzi au baada?"

"Baada."

Akaukunja mkataba, akautia mkobani. Kalamu yake nilikuwa nimeishika mimi, akaichukua mkononi mwangu polepole. Hakusema kama atasaini au hatasaini. Aliondoka bila kuaga, na huku kwetu mtoto haondoki kwa mtu mzima bila kuaga.

Siku moja ikapita. Ya pili ndiyo ya yule bwana kuja. Sikulala vizuri wala sikula. Ndani ya stoo yangu, chini ya turubai, kiti changu cha zamani kipo. Nilikuwa nimepanga kumuuzia fundi mmoja wa Mbeya anayekata vifaa vya zamani kuwa vipuri. Mota yake nzima, taa yake inawaka, ngozi tu imechanika mkono mmoja. Sanda yake niliitenga miaka kwa miaka na kifo chenyewe hakijatokea. Asubuhi ile nikakodi bajaji mpaka Ngana, dereva akaniuliza mama unaumwa, nikamwambia endesha.

Mzee Anyosisye nilimkuta kwenye kichanja anageuza kakao kwa mikono, inanukia uchachu ule wa wiki ya kwanza. Atupele alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki. Mkataba upo mapajani. Nikatazama mahali pa saini, peupe. Nikashukuru Mungu, lakini kimoyomoyo, maana sikuwa nimekuja kwa hilo peke yake.

"Ugonile, Mama Ganzi," mzee akanisalimu, akacheka, na pengo la kulia nikaliona.

"Ugonile, mzee. Nimekuja kwa ajili ya kakao."

"Msimu huu nauza kwenye chama cha ushirika, daktari. Njemke nimeacha."

"Siyo ya msimu huu. Ya mwaka wa jino."

Akaendelea kugeuza. "Ile? Ile ilimpeleka mtoto shule."

"Mzee, nilikuibia. Nilikuwa najua bei, nikakukuta una shida, nikakupa kalamu umelala. Nawakemea watoto wa watu kwa habari ya wezi wenye mikataba, na mimi ndiye wa kwanza."

"Bei hata mimi nilikuwa naijua," akasema. "Nani huku haijui bei ya kakao? Sikuwa na namna. Bei haikuniuma sana."

"Kilikuuma nini?"

Akasimamisha mikono. Akajifuta kwenye suruali, akalishika shavu lake la kulia kama vile jino bado lipo.

"Nilitaka kukwambia uongeze kidogo. Kidogo tu, ya viatu vya mtoto. Nikafungua mdomo niseme, ulimi haunyanyuki. Nikajitahidi tena. Wewe ukasema usijali, tunasaidiana."

Wanangu, nimeng'oa meno maisha yangu yote. Nimesikia watu wakipiga kelele, wakinitukana, mmoja aliniuma kidole mpaka mfupa. Hakuna sauti inayonirudia kama ile "nnda" ambayo miaka yote nilidhani ni asante. Nilikaa chini pale pale kwenye majani ya migomba, na gauni langu zuri, nikalia mbele ya binti ninayemfundisha maisha.

Hawakuninyamazisha. Walingoja. Nilipomaliza nikawaambia kuna kiti stoo, wakichukue, bure, leo hii, na yule bwana aambiwe arudi alikotoka.

"Hapana," Atupele akasema, neno lake la kwanza asubuhi ile. "Bure ni ganzi nyingine, mama. Tuandikiane."

"Andikeni nyinyi basi, nitasaini chochote."

"Na wewe usisaini chochote," akasema kwa ukali, sauti yangu mwenyewe ikinirudia. "Utasoma kwanza."

Akaugeuza mkataba wa yule bwana upande wa nyuma, pale peupe, akaandika. Tofauti ya bei ya kakao ya mwaka ule ihesabiwe kuwa malipo ya kiti. Kitakachobaki, kama kipo, nilipwe kutoka faida, kila baada ya mavuno, ikishakauka. Mvua zikizidi, nisidai. Kiti ni cha daktari tangu siku kinapotoka stoo. Nikavaa miwani nikasoma mara mbili, neno kwa neno, nikatafuta ghafi sikuiona.

"Sasa bei ya kiti," nikasema. Nikataja bei ya chini, ya kweli, ile ya yule fundi wa vipuri.

Mzee Anyosisye akavuta kigoda akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane. Akalamba midomo, akaunyoosha ulimi kidogo nje, akaurudisha, kuhakikisha unanyanyuka.

"Ngozi imechanika," akaanza. "Taa ni ya zamani. Na usafiri kutoka mjini ni juu ya nani?"

Alisema mengi, mengine hayakuwa ya haki hata kidogo, na nilikuwa na majibu ya yote. Nilifunga mdomo nikamsikiliza mpaka akamaliza.